Nusu ya Genge

Vijana wa kanisa letu hapa Litein walikuja kunialika niwahutubie juu ya uongozi katika nyakati ngumu. Walivaa viatu safi, wakamaliza chai yangu yote kwenye birika, kisha mmoja akaniuliza kama nitahitaji projekta. Projekta ya kuonyesha nini, mwanangu? Uso wangu? Nikawaambia magoti yananiuma, wamtafute mchungaji. Magoti yananiuma kweli, sikudanganya. Lakini hata kama ningekuwa na magoti ya msichana nisingeenda. Vijana wale walitaka mambo mengi ya kuandika, moja mpaka kumi, na mimi ninalo moja tu, tena si tamu. Nitalisema hapa nikiwa nimekaa.

Nilikuwa nyapara. Anayeyajua mashamba makubwa ya chai ya huku Kericho anamjua nyapara ni nani. Asiyemjua, ni yule mtu anayesimama kwenye umande asubuhi akiwagawia wachumaji mistari yao, akikagua vikapu visiwe na majani magumu, huku walio juu wanamfokea na walio chini wanamnunia. Kampuni sitaitaja, haitanisaidia. Sikupewa unyapara kwa sababu ya akili. Nilipewa kwa sababu nina sauti inayofika ng'ambo ya bonde na sikuwahi kuchelewa kazini. Kabla ya hapo nilikuwa nimechuma kwa miaka mingi. Mvua ilinijua, jua lilinijua, na mgongo wangu mpaka leo haujanisamehe.

Genge langu lilikuwa la wanawake wengi na wanaume wachache. Wengine walikuwa Wakipsigis kama mimi, wengine wametoka Kisii, na wachache wametoka mbali zaidi. Sote tuliishi kambini, katika nyumba za kampuni, zile za safu, ambazo ukikohoa usiku jirani anakuambia pole akiwa kitandani kwake. Ukiwa na kazi una nyumba. Kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha, unatafuta gari la kubeba vitu. Yote nitakayoyasimulia yanatoka hapo.

Genge letu lilikuwa na desturi moja. Mmoja wetu akiwa na shida, labda mtoto amekesha na homa, labda ana mimba nzito, labda amefiwa, wenzake wakipita karibu na mstari wake wanamtupia konzi ya majani kikapuni. Konzi moja tu kila mtu. Hakuna anayesema neno. Mwenye shida naye hashukuru, anatazama mbele kama hajaona kitu. Jioni kwenye mzani kikapu chake kinatosha kumlisha, na hakuna aliyepoteza cha kumuumiza. Kampuni haikuwa inajua. Mimi nilijua, na saa hizo nilikuwa nakagua upande wa pili wa shamba. Desturi hiyo niliikuta, sikuianzisha mimi.

Aliyenifundisha kuchuma alikuwa mwanamke wa Kisii, amenizidi umri kidogo. Nilipofika shambani nikiwa msichana nilikuwa naing'oa chai kama mtu anayenyonyoa kuku. Yeye ndiye aliyesimama nyuma yangu akanishika vidole. "Majani mawili na kichipukizi, mdogo wangu," akasema. "Hayo mengine mwachie Mungu." Tulikaa kambini mlango kwa mlango. Nilipolazwa hospitali ya Kapkatet baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, yeye ndiye aliyemnyonyesha yule wa kwanza pamoja na wake, maana wangu alikuwa bado hajaacha ziwa. Nilimwita dada. Yeye aliendelea kuniita mdogo wangu hata nilipokuwa nyapara, mbele ya watu wote, na hakuna aliyethubutu kucheka.

Halafu mashine zikaja. Tulikuwa tumezisikia kwenye mashamba mengine, lakini jambo la kusikia halikunyimi usingizi. Ile ya kwanza haikutisha hata kidogo. Ilikuwa kama mkasi mrefu wa kubebwa na watu wawili, mfuko umening'inia nyuma, inanguruma kama pikipiki mbovu. Nilisimama kando nikasema, "Ai, hii haiwezi, inakata mpaka vijiti." Nilipomaliza kusema ilikuwa imefika mwisho wa mstari. Dada aliitazama kwa muda mrefu, kikapu mgongoni.

"Kweli inakata vijiti," akasema. "Lakini haina mgongo."

Haikuchukua muda meneja akatuita manyapara ofisini. Alikuwa kijana mwenye adabu, Kiswahili chake kizuri, alituamkia mmoja mmoja na kutuuliza habari za watoto. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilinichosha zaidi, kwa maana mtu mbaya unamchukia na kazi inaendelea. Akasema kila genge litabaki nusu. Akasema watakaotoka watalipwa haki yao na watapewa mpaka mwisho wa mwezi kuhama. Kisha akasema, "Ninyi mnawajua watu wenu kuliko mimi." Nimekaa duniani vya kutosha kujua kwamba mkubwa akikusifu kwa unachokijua, kuna mzigo unakuja. Akasema Ijumaa kila mmoja wetu amwambie nani atabaki na nani atatoka, na mpaka siku hiyo tusifungue mdomo kambini, ili pasiwe na vurugu.

Tulitoka pale kama watu waliotoka kutazama maiti. Nyapara wa shamba la chini akasema yeye atapiga kura kwa visoda vya chupa, Mungu aamue. Mwingine presha ilimpanda papo hapo mlangoni, akashika ukuta, kesho yake akaenda Kapkatet na hatukumwona tena mpaka mambo yalipokwisha. Sikumcheka. Hata mimi nilijipima shingoni kama nina presha, nikakuta niko sawa, bahati mbaya.

Mimi nilifikiri nimepata njia. Kwetu jambo la kijiji hupelekwa kokwet. Watu wanakaa, anayetaka kusema anasema, na mwenye kuongoza kikao kazi yake si kuamua. Kazi yake ni kungoja maneno yachoke, kisha anatamka kile ambacho wote wameshakubali mioyoni. Nilikulia katika mambo hayo. Nimeona kesi ya ng'ombe aliyekula mahindi ya jirani ikizungumzwa mpaka wenye kesi wakaenda kunywa maziwa ya mursik pamoja. Nikasema basi, hili nalo nitalipeleka hivyo hivyo. Nani atanilaumu kwa jambo ambalo wote wamelikubali?

Alasiri ile ile, pale kwenye banda la mzani, karani alipokwisha kupima na lori likaondoka na majani, niliwaambia wabaki. Niliwaambia yote. Nilivunja amri ya meneja, na hilo sijutii mpaka kesho, maana mtu mzima hafichwi msiba wake. Mvua ilikuwa inaanza kugonga mabati. Nikaendelea, na nilidhani naongea vizuri sana.

"Mimi sitachagua peke yangu," nikasema. "Tukae kama kokwet. Tuongee, tukubaliane ni nani anaweza kutoka bila kuangamia."

Mwanamume mmoja aliyekuwa amekaa juu ya kikapu chake akainuka. "Kwa hivyo unataka nisimame hapa niseme bibi ya nani atoke?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini sasa?"

Mwanamke mmoja wa nyuma naye akapasua. "Kwani kazi ya nyapara ni gani? Kutugawia umande?"

Nilingoja maneno yaje ili yachoke, hayakuja. Walifungua aproni zao za nailoni, wakazikung'uta maji, wakaenda zao mmoja mmoja, na hiyo haikuwa kawaida yao, walizoea kuondoka kwa makundi. Dada alikunja aproni yake taratibu na hakuniangalia.

Maneno yalikuja baadaye, na yalikuja nyumbani kwangu. Jioni ile ile mtu akabisha hodi, akaingia na mayai kwenye leso. "Sikuja kusema mtu," akaanza. Nikajua amekuja kusema mtu. Bwana ya fulani ana duka Roret, alisema, sasa huyo anatafuta nini shambani? Alipotoka akaingia mwingine na ndizi mbivu, naye hakuja kusema mtu, ila fulani anaficha kifua, anakohoa damu. Kesho yake akaja shemasi wa kanisa kunieleza nani analewa na nani analala kwa nani. Wueh! Niliishi kambi ile miaka yote hiyo bila kujua nusu ya mambo hayo na nilikuwa mzima wa afya. Mayai niliyarudisha, ndizi nilizirudisha. Lakini maneno hayarudishwi. Yakishaingia sikioni yamehamia, hayalipi kodi wala hayaondoki.

Kisha likaingia lile ambalo nililiogopa kuliko yote. Mama mmoja wa kwetu, ninayemheshimu, alinishika mkono njiani akaniambia kwa Kikipsigis kwamba nikumbuke mimi ni mtoto wa nani na udongo huu ni wa nani. Na nilipopita bombani nikaona wale wa Kisii wanachota maji pamoja, wao peke yao, wamenyamaza waliponiona. Hawa watu walikuwa wakiazimana chumvi. Walikuwa wakizikana. Hakuna mwanasiasa aliyekuja pale, hakuna aliyetupa karatasi za vitisho barabarani. Ni mimi tu na kokwet yangu.

Nilikuwa sili. Nilikuwa naweka ugali mbele yangu, nautazama unapoa.

Siku moja kabla ya ile Ijumaa nilisimama juu ya kilima nikiwatazama wakichuma. Kulikuwa na msichana mmoja mwenye mtoto mchanga. Alikuwa amerudi kazini kabla ya kupona vizuri kwa sababu aliogopa kukosekana kazini wiki ile, akamwacha mtoto kwa jirani. Alikuwa anachuma polepole, anasimama, anajishika kiuno, anainama tena. Mimi nikageuka nikatazama upande wa pili wa shamba, kama kawaida yangu, nikawapa nafasi. Nilipogeuka tena, mwanamke mmoja alikuwa anampita. Hakutupa kitu. Akapita mwingine, akachuma vya mwisho vya mstari wake, akatia kikapuni mwake, akaenda. Akapita mwanamume yule wa banda la mzani, kichwa chini. Kila mmoja aliamini kwamba mwenye kilo nyingi ndiye atakayebaki, basi kila konzi ikawa roho yake.

Halafu akapita dada. Nilisema huyu, huyu atatupa. Mkono wake ulikuwa umejaa. Alisimama kidogo karibu na yule msichana, kisha akaupeleka mkono nyuma ya bega lake mwenyewe, akaachia majani kwenye kikapu chake.

Kwanza niliwakasirikia wao, nikawaita majina mabaya kimoyomoyo. Jioni karani alipomfokea yule msichana kwa kikapu chepesi, na wote wakatazama viatu vyao, hasira ile ikageuka ikanirudia. Niliwaambia watu wanaopendana wachague nani atupwe, nikakaa pembeni nikitaka mikono yangu ibaki safi. Kesi ya ng'ombe watu wanaweza kuikubali pamoja. Hakuna kokwet duniani itakayokubaliana jirani yupi akose nyumba, na kama ikikubaliana, hao si majirani tena.

Jioni hiyo niliingia kwa dada bila hodi. Alikuwa anachambua mboga, chinsaga, ungo magotini. Nikamwambia nimeshindwa. Kesho namwambia meneja atafute nyapara mwingine, mimi natoka pamoja na watakaotoka.

"Wacha ujinga," akasema, hakuinua macho.

"Si ujinga. Nimechoka, dada."

"Nani hajachoka? Ukitoka utasifiwa. Watasema nyapara alikataa, watakuombea kanisani. Jumatatu wataleta mtu mgeni, achague kwa kuangalia sura. Utakuwa umetusaidia nini?"

Akachambua kidogo, akatupa mabua chini.

"Mimi nimekaa hapa wiki yote nikijua nyapara ni mdogo wangu," akasema. "Kitinda mimba wangu bado ako shule. Nataka tu amalize, halafu hata wakinifukuza na mbwa nitaenda. Tangu nikujue, nimewahi kukuomba kitu?"

"Hapana."

"Haya."

Hakuomba. Lakini aliniambia kwamba hajawahi kuomba, na kwa mtu kama yeye huko ndiko kuomba. Nilitoka pale nikiwa na mzigo wa pili. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Nilitamani sana usiku ule mzigo wangu uwe wa mwenzangu.

Alfajiri niliingia shambani peke yangu kabla ya king'ora. Nilitembea mistari yote, kila mstari nikimwona mwenyewe. Nilitafuta kipimo kimoja ambacho ningeweza kukibeba, na nilichokipata ni hiki: nani ana pa kwenda. Si nani anachuma zaidi, si nani mzee, si nani wa kabila gani. Mwenye paa lake mahali, hata liwe la mabati mawili, atoke. Asiye na ukuta mwingine duniani isipokuwa ule wa kampuni, abaki. Kwa kipimo hicho kuna wavivu wawili watatu waliobaki ambao mpaka leo nikiwakumbuka nasonya. Na kuna wachumaji hodari waliotoka.

Dada alikuwa na nyumba Kisii. Aliijenga mwenyewe, kila likizo matofali kidogo, na nyuma yake ana migomba na vichaka vyake vya chai. Nilimzunguka yule mwanamke kwa mawazo kama fundi anayetafuta tundu la kupitishia waya. Nikasema ada ya shule. Lakini wengine nao walikuwa na watoto shuleni. Nikasema mikono yake, hakuna mikono kama ile shamba zima. Lakini mikono sikuwa nimeipima kwa mwingine yeyote. Nikasema alimnyonyesha mtoto wangu. Hapo nikalia, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa la kweli, na hilo ndilo lisiloweza kutumika. Nikimpitisha yeye, kipimo kimekufa, na kila niliyemtoa nimemtoa kwa chuki.

Na mimi je? Mimi nina kipande cha ardhi na nyumba ya baba pale Roret. Kipimo kilinikamata sawasawa. Asubuhi nilipokwenda kwa meneja nilimtajia majina yote, kisha nikamwambia mimi nami nitatoka, ila si sasa, anipe mwezi mmoja baada yao. Akashangaa, akaniuliza kwa nini nisiende nao basi. Nikamwambia watakaobaki watahitaji mtu wa kumlaumu, na awe karibu. Akanitazama, akaandika. Genge sikuwaambia kwamba natoka. Usidhani ni unyenyekevu. Wangejua, wangeanza kunihurumia, halafu hasira yao ingetafuta mtu mwingine.

Alasiri, kwenye banda la mzani, sikuwaambia wakae.

"Nimechagua," nikasema. "Ni mimi. Si meneja, si kura, na si mtu yeyote aliyekuja kwangu jioni. Mliyoniambia juu ya wenzenu sikutumia hata moja. Mwenye hasira, nyumba yangu anaijua."

Kipimo changu sikukitaja. Ningekitaja, wangeanza kuhesabiana mashamba pale pale, nani ana paa na nani amelificha. Nikasema majina kwa ile sauti yangu ya kufika ng'ambo ya bonde, sikuipunguza. La dada lilikuwa katikati. Alikuwa anafungua kamba ya kikapu. Mkono wake ukasimama, kisha ukaendelea kufungua.

Kelele zilipolipuka zilikuwa za kila upande. "Umetoa watu wetu!" akapiga kelele mwanamke wa Kisii. "Umetuuza kwa wageni!" akapiga kelele yule mama wa kwetu aliyenishika mkono njiani. Wote wawili kwa pamoja, wakinielekezea kidole. Wakanyamaza pamoja pia, wakatazamana, kama watu waliokutana mlangoni. Kisha mmoja akasema, "Sasa huyu ni mtu gani?" na mwingine akajibu, "Huyu si mtu."

Kuanzia hapo sikuwa mtu. Nikipita bombani, ndoo zinaondoka. Nikisalimia, "Chamgei," najibiwa na kuku. Mtu alimwaga maji ya vyombo mlangoni kwangu, na si mara moja. Kanisani benchi langu lilikuwa pana sana. Dada alifunga mlango wake ule uliokuwa unatazama wangu, akawa anatokea wa nyuma. Huyo ndiye aliyeniuma. Wale wengine nilikuwa nimejiandaa, yeye sikuwa na pa kumwandalia.

Lakini Jumatatu, yule msichana wa mtoto mchanga alikuwa mstarini kwake anajishika kiuno, na mwanamke mmoja alipompita nikaona mkono ukienda. Konzi moja. Akapita mwingine, na huyu alikuwa mmoja wa wale waliokuwa wanahama mwisho wa mwezi, hana cha kupata tena pale, naye akatupa. Walikuwa wanaongea kutoka mstari mpaka mstari, Wakisii na Wakipsigis, wanacheka. Walikuwa wananisema mimi. Wameiga mwendo wangu, wameiga sauti yangu ninavyotaja majina, na kijembe kimoja kilikuwa kizuri kiasi kwamba nami karibu nicheke. Niligeuka nikatazama upande wa pili wa shamba, nikalia, kwa hasira au kwa uchovu, sijui kipi kilitangulia.

Ndilo jambo langu lenyewe, lile moja. Kuna wakati watu hawahitaji kiongozi wa kuwapa matumaini. Matumaini hayapo, na wao si watoto, wanajua. Wanahitaji mtu wa kumtwika hasira, ili wasitwikane wao kwa wao. Anayeibeba hapewi asante, na akiitafuta asante ameharibu kazi. Sasa niambie, kijana wa kanisa ataandika nini hapo? Ataniuliza namba mbili ni ipi.

Mwisho wa mwezi kampuni ikatoa lori la kuwabeba wa upande wa Kisii. Kambi nzima ilitoka kusaidia, wanaobaki na wanaoondoka. Magodoro yakapita, masufuria yakapita, kuku wamefungwa miguu, kabati likakwama mlangoni wakalisukuma wakiimba pambio. Mimi nilikaa ndani nikichungulia dirishani. Nilikuwa nimeapa sitatoka.

Nikaona dada anatoa kitanda. Alikuwa peke yake, wengine wako kwenye lori wanapanga vitu. Alikuwa amekishika upande mmoja, upande wa pili unaburuta chini. Mgongo ule niliuona ukipinda, nikatoka, nikavuka kile kijinjia kati ya milango yetu, nikashika ule upande wa pili.

"Wacha," akasema kwa sauti ya chini.

"Dada, nisikilize. Mimi pia mwezi ujao—"

"Nimesema wacha. Usiniambie kitu." Alikuwa hanitazami, anatazama lori. Macho yake yalikuwa mekundu. "Wakikuona unanibebea watasema tulipanga. Wataanza kuulizana nani mwingine alipanga na wewe. Unataka warudi kule kwa kusemana?"

Nikaachilia kitanda.

"Ingia ndani, mdogo wangu," akasema. "Waache wakuchukie vizuri."

Niliingia, nikafunga mlango, nikauegemea. Nikasikia miguu ya watu inakuja, na mtu akauliza nyapara alikuwa anataka nini.

"Achana na huyo nyoka," dada akajibu, kwa sauti ya kusikika kambi nzima. Wakacheka wote, wakahesabu moja, mbili, wakakiinua kitanda.